Mtoto wa Dessau: Uhakiki wa Simulizi Moja katika Mazungumzo ya Mezani ya Luther

Katika vitabu vyote vinavyobeba jina la Martin Luther, hakuna kinachosomwa na wanafunzi wetu kwa furaha kama Mazungumzo ya Mezani. Humo Mtengenezaji wa Kanisa hayuko mimbarini wala mbele ya Kaisari. Yuko nyumbani kwake Wittenberg, amezungukwa na wageni, wanafunzi na watoto, anakunywa bia iliyopikwa na mkewe Katharina, anatania, anakemea, anasimulia visa. Ndiyo maana kitabu hiki kina hatari yake. Msomaji aliyekwisha kuzoea kucheka hucheka hata pale pasipo na la kuchekesha.

Miaka kadhaa iliyopita, katika semina ya historia ya Kanisa, mwanafunzi mmoja alisoma kwa sauti simulizi ya mtoto wa Dessau. Darasa lilicheka, hasa pale inapoelezwa jinsi mtoto yule alivyokula. Nasi hatukulizuia. Kipindi kilipokwisha, mwanafunzi mwingine ambaye hakucheka alibaki nyuma akatuuliza: je, kama Luther angefika nyumbani kwao, angesema maneno yale yale juu ya mdogo wake? Mdogo wake alikuwa na umri wa miaka 15, hasemi, na ana usonji. Siku ile hatukuwa na jibu. Makala hii ni jaribio la kulitafuta, na msomaji atuwie radhi tukizunguka kidogo kabla ya kulifikia.

Simulizi yenyewe imetufikia kwa njia mbili zisizolingana. Ya kwanza ni maandishi ya Johannes Mathesius, aliyekula mezani pa Luther mwaka 1540 na kuandika aliyoyasikia. Kwa mujibu wake, Luther alieleza kwamba huko Dessau palikuwa na mvulana wa miaka 12 aliyekula sana kama wakulima wanne, na ambaye hakuwa na kazi nyingine ila kula na kwenda haja. Luther alishauri mtoto huyo anyimwe pumzi afe. Mmoja wa waliokuwepo akauliza sababu. Luther akajibu kwamba kwa maoni yake yule alikuwa bonge la nyama tu lisilo na roho, na kwamba mahali pa roho alikuwamo Ibilisi.

Njia ya pili ni chapa ya Johannes Aurifaber, iliyotoka Eisleben mwaka 1566, miaka 20 baada ya Luther kufa. Hapa kisa kimerefuka. Luther anasema kwamba alimwona mtoto kwa macho yake na kumgusa kwa mkono wake. Mtoto ana macho na viungo vyote sawasawa, hata mtu angemdhania kuwa mtoto kama watoto wengine. Anapoguswa hulia. Jambo baya likitokea nyumbani hucheka na kufurahi. Mambo yakiwa mema hulia. Luther anawaambia wakuu wa Anhalt kwamba kama yeye angekuwa mtawala pale, angemtupa mtoto huyo katika mto unaopita Dessau na kuikubali hatari ya kuitwa mwuaji. Wakuu wanakataa, pamoja na Mkuu wa Saxony aliyekuwepo. Basi Luther anashauri watu wasali Baba Yetu kanisani ili Mungu amwondoe Ibilisi. Sala zinafanyika, na baadaye mtoto anakufa.

Hayo ndiyo matini. Tukiyasoma kama tunavyowafundisha wanafunzi wasome matini yoyote, jambo la kwanza linalotushtua ni idadi ya watu wasiokuwamo. Mama hayumo. Baba hayumo. Jina la mtoto halimo. Hapana anayeulizwa mtoto huyu alianza lini kuwa hivi, anapenda nini, anaogopa nini, nani anamlisha hicho chakula kingi. Watu wanaosema ni wale ambao hawakulala naye chini ya paa moja hata usiku mmoja. Na aliyemlisha kwa miaka 12 mfululizo, kwa maana lazima alikuwepo mtu, hakuonekana na msimulizi kuwa sehemu ya habari.

Jambo la pili ni mpaka kati ya kilichoonwa na kilichofasiriwa. Tukiondoa tafsiri yote tunabaki na mambo machache: mtoto mwenye umbo zuri, anayekula kuliko kawaida, asiyetaka kuguswa, anayecheka na kulia nyakati zisizotarajiwa. Hayo tu. Kila kinachobaki, yaani nyama isiyo na roho, Ibilisi, mtoto wa kubadilishiwa, ni mawazo ya watu wa Saxony ya karne ya 16 yaliyoletwa mezani tayari yameiva. Luther aliamini, kama majirani zake, kwamba shetani huweza kumwiba mtoto wa mtu na kumweka mwingine badala yake. Tusiwacheke. Katika sharika zetu wako wanaosema mtoto amechezewa, au amelipiziwa kosa la babu, au mama alikanyaga jambo fulani akiwa mjamzito.

Wako waliomtetea Luther kwa hoja zenye uzito. M. Miles, katika uchunguzi wake wa mwaka 2001 juu ya Luther na watoto wenye ulemavu, anatukumbusha kwamba maneno haya hayakuandikwa na Luther. Yaliandikwa na wageni waliokuwa wakila, na mengine yakapambwa baada ya yeye kufa, ilhali katika maandiko yake mwenyewe kuna maneno ya upole mwingi. Ni kweli. Mwaka 1542 Luther aliandika kijitabu cha kuwafariji wanawake waliopoteza mimba au ambao watoto wao walikufa kabla ya kubatizwa. Mwaka huo huo alimlilia binti yake Magdalena aliyekufa akiwa na miaka 13, na Mazungumzo yale yale ya Mezani yanatuonyesha machozi yake. Hata hivyo, sisi hatuwezi kuridhika na utetezi huu. Kanisa halikusubiri wataalamu wa chapa za kale ndipo lisome. Maneno haya yamechapishwa kwa jina la Luther tangu 1566, na waliokuwa wakitafuta ruhusa ya kumwona mtoto asiyesema kuwa si mtu waliweza kuipata humo bila kufungua kurasa nyingi.

Je, mtoto wa Dessau alikuwa na usonji? Wako watafiti wa karne iliyopita waliofikiri hivyo, na mtu yeyote aliyewahi kuishi na mtoto mwenye usonji akisoma juu ya kilio cha kuguswa atajikuta ametikisa kichwa kukubali. Lakini kumpima mgonjwa kwa maneno ya watu waliotaka afe ni utaalamu wa mashaka. Sisi tunaliacha swali hilo. Linalotuhusu ni kwamba watoto wenye tabia zinazofanana na hizo wamo katika kila usharika wetu, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji.

Yafaa tueleze kwa kifupi neno hili lina maana gani, kwa sababu wachungaji wengi wa rika letu walimaliza chuo bila kulisikia. Mwaka 1943, huko Baltimore, daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 aliowaona kuwa na hali ya namna moja: hawakuelekea watu kama watoto wengine wanavyoelekea, walitaka vitu vibaki vilivyokuwa, na wengine waliyarudia maneno waliyosikia kama yalivyo. Mwaka 1979 Lorna Wing na Judith Gould, wakichunguza watoto wa Camberwell katika jiji la London, walionyesha kwamba hali hiyo ni pana kuliko alivyodhani Kanner. Tangu hapo wataalamu wamezoea kusema juu ya wigo: kuna asiyesema neno maisha yake yote, na kuna profesa wa chuo kikuu. Wanachoshiriki ni namna tofauti ya kuwasiliana na kuwaelewa watu, kupenda utaratibu usiobadilika, na milango ya fahamu inayopokea mno au kidogo mno, hata sauti ambayo kwetu ni ya kawaida ikawa kwao kama msumari sikioni. Hali hii huanza utotoni na haiambukizi. Haitokani na malezi. Susan Folstein na Michael Rutter walipochunguza jozi 21 za mapacha mwaka 1977, waliona kwamba urithi wa mwili una nafasi kubwa ndani yake.

Tumesema haitokani na malezi, na hapa hatuna budi kusimama, maana kosa la Dessau lilipata mrithi asiye na mavazi ya dini. Mwaka 1967 vilitoka Marekani vitabu viwili. Kimoja kilikuwa cha Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule maarufu ya watoto huko Chicago, nacho kiliitwa The Empty Fortress, yaani ngome tupu. Bettelheim, ambaye mwenyewe alikuwa amefungwa Dachau na Buchenwald miaka ya 1938 na 1939, alimfananisha mtoto mwenye usonji na mfungwa aliyejikunja ndani ya nafsi yake kwa hofu, na mzazi akawa katika mfano huo mahali pa askari wa kambi. Kina mama wengi walikisoma kitabu hicho wakaamini kwamba wamewaua watoto wao kwa ubaridi wa moyo. Ni kitabu kilichoandikwa vizuri, jambo linaloongeza uzito wa madhara yake. Kama mtoto wa Dessau, mtoto wa Bettelheim naye ni mtupu ndani. Mahali pa Ibilisi pamekaliwa na mama.

Kitabu cha pili, The Siege, kiliandikwa na mama, Clara Claiborne Park, juu ya binti yake mdogo. Yeye pia alitumia mfano wa vita, kwani jina hilo lina maana ya kuuzingira mji, na hatuupendi sana mfano huo kwa sababu mtoto si mji wa adui. Lakini tofauti ya vitabu hivi viwili ni kubwa kuliko mfanano wa majina yao. Bettelheim anaeleza mtoto ana maana gani. Park anaeleza mtoto alifanya nini Jumanne. Anakaa naye sakafuni. Anaona kikombe ambacho mtoto hakishiki ila mkono wa mtu mwingine ukishikwa kwanza. Ukurasa baada ya ukurasa hatangazi ushindi wowote, na msomaji aliyezoea ushuhuda wa miujiza atachoka. Sisi tunakiona kitabu hicho kuwa somo la uchungaji lisilokusudiwa kuwa hivyo, na tungependa kukiona mikononi mwa wanafunzi wa mwaka wa tatu kabla hawajatumwa sharikani.

Baadaye wenyewe wakaanza kusema. Temple Grandin, aliyechelewa kusema utotoni na baadaye akawa mtaalamu wa mifugo, alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1986 na kingine mwaka 1995, akieleza jinsi anavyofikiri kwa picha na jinsi alivyotamani kukumbatiwa huku mguso wa watu ukimlemea, hata akajitengenezea mashine ya kumbana mwili kwa kadiri anayoitaka yeye. Tunaposoma haya tunarudi Dessau: anapoguswa hulia. Luther, kwa mujibu wa Aurifaber, alimgusa. Alichukua kilio kile kuwa ushahidi wa pepo. Huenda kilikuwa ni jibu la mwili uliochomwa na mkono wa mgeni.

Itasemwa kwamba ushauri wa mezani ni maneno tu, na wakuu wa Anhalt walikataa. Naam, na ni aibu yetu kwamba katika simulizi hii wenye upanga walikuwa na huruma kuliko mwalimu wa Injili. Lakini karne nne baadaye, katika nchi ile ile, wenye upanga hawakukataa. Kati ya 1940 na Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 wenye ulemavu na magonjwa ya akili waliuawa kwa gesi katika mpango wa serikali ya Hitler, na mauaji yaliendelea kwa njia nyingine hata mwisho wa vita. Hata historia ya neno usonji ina doa hilo. Hans Asperger wa Vienna, aliyeandika mwaka 1944 juu ya watoto wenye vipaji na wenye ugumu wa kuhusiana na watu, alisifiwa kwa miaka mingi kuwa mtetezi wao. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kutokana na nyaraka kwamba Asperger alishiriki kuwapeleka baadhi ya watoto katika kituo cha Spiegelgrund, mahali walipokufa watoto 789. Waliopelekwa kule walipimwa kwanza. Swali la kipimo lilikuwa kama la Dessau: je, kuna mtu ndani?

Sisi wa Tanzania si watazamaji wa mbali wa historia hiyo. Bethel, karibu na Bielefeld, mahali ambapo Friedrich von Bodelschwingh mdogo alijitahidi kuwakinga wagonjwa wake asiweze kuwakinga wote, ndiyo iliyowatuma wamisionari waliohubiri Usambara na Bukoba. Hospitali ya Lutindi, inayotunza wagonjwa wa akili, ilitoka katika mkono huo huo, na shule ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki huko Irente, Lushoto, inayopokea watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji, iko katika milima ile ile. Tumerithi vyote viwili kutoka kwa Walutheri wa Ujerumani, Mazungumzo ya Mezani na Lutindi. Haitupasi kufundisha kimoja na kunyamazia kingine.

Tuje sasa kwenye mimbari zetu. Andiko linalotumiwa mara nyingi kuhusu watoto wasiosema ni Marko 9:14–29, habari ya kijana mwenye pepo bubu. Tumesikia mahubiri ambayo mtoto mwenye usonji aliletwa mbele, akashikwa na watu wanne, akakemewa kwa kipaza sauti karibu na sikio lake. Alipopiga kelele na kujitupa chini, mkutano ulishangilia kwamba pepo anatoka. Hatuandiki haya ili kuikana huduma ya maombezi, nasi twaamini kwamba Kristo anaokoa. Tunasema tu kwamba andiko limesomwa vibaya. Mtoto wa Marko anaanguka, anatoa povu, anasaga meno, anakauka, na mambo hayo humjia kwa vipindi. Hiyo si picha ya usonji hata kidogo. Na zaidi, kabla ya kutenda lolote, Yesu anamgeukia baba na kumwuliza jambo hili limempata mtoto tangu lini. Swali hilo moja halimo katika simulizi ya Dessau, na halikuulizwa katika mkutano tuliousema.

Andiko ambalo halihubiriwi vya kutosha ni Marko 7:31–37. Yesu analetewa kiziwi mwenye kigugumizi, na jambo la kwanza analofanya ni kumtenga na makutano, wawe peke yao. Wafasiri wengi hupita hapo haraka ili wafike kwenye neno la Kiaramu. Lakini anayejua jinsi mkutano unavyomlemea mtu ambaye masikio yake hayachuji sauti ataona kwamba kumtoa mtu katika kelele ni sehemu ya uponyaji. Nasi tumejaza makanisa yetu vipaza sauti virefu kuliko mchungaji. Kwaya tano zinaimba Jumapili moja, kila moja na kinanda chake, na fundi mitambo haridhiki mpaka madirisha yatetemeke. Halafu tunashangaa mtoto anapoziba masikio na kukimbilia nje, na mzee wa kanisa anamwambia mama kwamba mtoto huyu hana adabu ya ibada.

Jambo linalotugusa zaidi sisi Walutheri, hata hivyo, ni kipaimara na Meza ya Bwana, na hapo ndipo tunaamini kwamba Luther mwenyewe amemjibu Luther wa Dessau.

Tuanze na Ubatizo. Hakuna toleo lolote la simulizi linalosema kama mtoto yule alibatizwa. Katika mji wa Kikristo wa wakati ule, ambako watoto wachanga walibatizwa mara, ni vigumu kufikiri kwamba hakubatizwa. Sasa, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Luther anajenga hoja yake yote ya kubatiza watoto juu ya jambo moja: Ubatizo hausimami juu ya imani au ufahamu wa anayebatizwa, bali juu ya Neno na agizo la Mungu. Imani haiufanyi Ubatizo, inaupokea. Mtu aliyeandika hivyo hana ruhusa ya kusema juu ya mtoto aliyebatizwa kwamba ndani yake hamna roho kwa sababu haonyeshi akili. Ama hoja ya Katekisimo Kubwa ni ya kweli, ama ushauri wa Dessau ni wa kweli. Haviwezi kukaa katika kichwa kimoja bila kimoja kukitoa kingine nje.

Kisha Katekisimo Ndogo. Kijana wetu wa kipaimara hutakiwa kusimama mbele ya usharika na kukariri, pamoja na mengine, maelezo ya Sehemu ya Tatu ya Imani. Kila msomaji wa jarida hili anayajua kwa moyo. Yanaungama kwamba mtu hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia kwa uwezo wa akili yake mwenyewe, bali Roho Mtakatifu ndiye humwita. Tumemnyima kijana Chakula cha Bwana kwa sababu akili yake haikuweza kukariri kwamba akili haiwezi. Sisi wenyewe tumefanya hivyo, nasi tutalieleza.

Itajibiwa kwamba dibaji ya Katekisimo Ndogo inaagiza wasiojifunza wasiruhusiwe Mezani. Tuisome vizuri. Dibaji hiyo inasema juu ya wasiotaka kujifunza. Luther alikuwa ametoka kuzikagua sharika za Saxony na kukuta watu wazima wenye afya, wenye ng'ombe na mashamba, wasiojua hata Baba Yetu na wasioona haya. Kulichukua agizo lililoelekezwa kwa mkaidi na kulitumia dhidi ya asiyeweza ni kosa la usomaji kabla hata halijawa kosa la upendo.

Na liko andiko lililo wazi zaidi, ambalo kwa bahati mbaya wanafunzi wetu hawalijui kama wanavyoijua Dessau. Katika mahubiri yake juu ya Agano Jipya, yaani juu ya Misa, ya mwaka 1520, Luther anashughulikia swali la kama viziwi wasiosema wapewe Sakramenti. Wako, asema, waliowapa mkate usiobarikiwa, wakidhani wanawatendea wema kwa udanganyifu huo. Luther anaukataa mchezo huo kwa ukali, kwa kuwa Mungu amewafanya nao kuwa Wakristo kama sisi. Wakiwa na ufahamu, na wakionyesha kwa ishara za hakika kwamba wanaitamani, wapewe. Anakumbusha kwamba Cyprian wa Karthago aliwaruhusu hata watoto kupewa, na anaongeza jambo ambalo tungependa liandikwe juu ya mlango wa kila ofisi ya usharika: kwamba huenda ndani yao wana imani na ufahamu bora kuliko sisi, na kazi ya Roho Mtakatifu aachiwe Roho Mtakatifu.

Msomaji makini ataona sharti lililobaki: ishara za hakika. Wako watakaolitumia sharti hilo kuufunga mlango tena. Tunakiri kwamba Luther hakulifafanua. Lakini ishara inahitaji msomaji, na hapa tunarudi kwenye kosa letu.

Tulipokuwa tukihudumu katika usharika mmoja, kabla hatujaitwa kufundisha, mama mmoja alituomba mwanawe mwenye miaka 14 aingizwe darasa la kipaimara. Kijana alikuwa hasemi. Tulimjibu kwa upole, na tulijiona wachungaji wema, kwamba asubiri mpaka mtoto aweze kujibu maswali. Alisubiri miaka miwili, akija kuuliza kila mwanzo wa mwaka. Kisha akaacha kuuliza. Baada ya lile swali la mwanafunzi katika semina, tulirudi kumtafuta. Kijana alikuwa na miaka 23. Tulimwuliza mama swali la Marko 9, nasi tulikuwa tumechelewa kuliuliza: ilianza lini, anapenda nini, anaogopa nini. Kati ya mengi aliyotueleza lilikuwamo hili. Kila Jumapili ya Chakula cha Bwana, tangu utoto wake, kitambaa cheupe kilipofunuliwa mezani, mwanawe alisimama na kuanza kutembea kuelekea altare. Na kila mara wazee wa kanisa walimshika mkono wakamtoa nje. Tulikumbuka. Tulikuwa tumesimama pale pale altareni tukiliona jambo hilo kwa miaka minne, na tuliliita fujo.

Mchungaji wa sasa wa usharika huo alikubali kumfundisha. Alitumia picha za mambo ya ibada zilizopangwa kwa mfuatano, akimwonyesha kila moja kwa mahali pake, siku za katikati ya juma kanisa likiwa tupu na spika zimezimwa. Alimzoesha kuonja mkate katika darasa, akisema wazi kila mara kwamba huu ni wa kujifunzia, ili asiangukie udanganyifu alioukemea Luther. Siku ya kipaimara hakumwekea mikono kichwani kwa uzito kama wengine; aliiinua juu yake bila kumgusa, kwa kuwa mama alisema kichwa hakiguswi. Baadhi ya washarika walinung'unika kwamba kuwekewa mikono bila mikono si kuwekewa mikono. Tunawaachia wataalamu wa liturgia.

Mkate aliupokea. Divai hakuipokea, labda kwa harufu yake, labda kwa ubaridi wa kikombe. Inatia mawazo kwamba katika Kanisa lililopigania kikombe kwa ajili ya walei, mshirika huyu hupokea kwa namna moja tu. Kikombe kinapomfikia hukitazama, hukigusa ukingo kwa kidole kimoja, akarudi mahali pake. Baraza la wazee limeijadili habari hiyo mara mbili na bado halijaafikiana. Yule mwanafunzi sasa ni mchungaji, naye ametuandikia kwamba katika usharika wake huisoma simulizi ya Dessau na maneno ya mwaka 1520 siku moja, mfululizo, mbele ya walimu wa kipaimara, na hakuna anayecheka.